Kisukuku, Alama na Dalili: Historia ya Kuyapa Majina Mabaki ya Uhai Yaliyomo Katika Madini

Mfasiri anayepewa kazi ya kuandika kwa Kiswahili juu ya uhai wa kwanza duniani hukutana mapema na tatizo lisilotatuliwa na kamusi. Wanasayansi wanapozungumzia mwamba wenye umri wa miaka milioni 3,000 na zaidi, mara husema wameona kisukuku. Mara husema wameona umbo linalofanana na kisukuku. Mara husema wameona jambo fulani la kikemia ambalo huenda lilitokana na viumbe hai. Katika lugha zao hayo ni maneno mbalimbali. Katika tafsiri ni rahisi yote yakaangukia neno moja, kisukuku, kwa kuwa limekwisha kukubalika mashuleni, na kwa kuwa sentensi husomeka vizuri zaidi likitumika.

Makusudi ya makala haya ni kuonyesha kwamba wepesi huo una gharama yake. Kusema kisukuku ni kutoa hukumu: kwamba palikuwa na kiumbe, kwamba kilikufa, na kwamba jiwe limeihifadhi sura yake. Historia ya elimu hii tangu karne ya 19 imejaa hukumu za namna hiyo zilizotolewa kabla ya ushahidi kukamilika, na mara nyingi jina ndilo lililotangulia.

Kabla ya kuendelea, neno moja juu ya hesabu. Nimehesabu kwa mamilioni, wala si kwa mabilioni. Katika vitabu vya zamani vya Uingereza bilioni ilikuwa milioni mara milioni, hali katika vitabu vya Marekani ilikuwa milioni mara elfu. Afasiriye maandishi ya zamani aweza kukosea mara elfu nzima bila kujua.

Neno la Kiingereza tunalolifasiri kwa kisukuku lilitokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuchimba. Georgius Agricola, tabibu wa Kijerumani aliyeandika kitabu juu ya vitu hivyo mwaka 1546, aliweka chini ya jina hilo vito, chumvi, aina za udongo, na mawe yenye sura ya konokono. Kwake yeye vyote vilikuwa vitu vilivyochimbuliwa. Maana hiyo ni jirani kabisa na ya neno letu madini, ambalo asili yake katika Kiarabu ni mahali pa kuchimbwa. Zilipita zaidi ya karne mbili kabla ya neno la Wazungu kubanwa likawa la mabaki ya viumbe peke yake. Tangu hapo aliyelitamka juu ya jiwe alikuwa ameshasema jambo juu ya uhai, apende asipende.

Charles Darwin alipotoa kitabu chake juu ya asili ya spishi mwaka 1859 alikiri waziwazi kwamba miamba ya kale kuliko yote ilimtatiza. Juu kulikuwa na tabaka zenye visukuku vingi vya wanyama wa baharini waliokwisha kukamilika maumbile yao; chini yake hapakuwa na kitu. Ikiwa viumbe vyote vilitokana na viumbe sahili zaidi, basi wazee wa wanyama wale walikuwa wapi? Hakuwa na jibu la kumridhisha, naye alisema hivyo.

Jibu lilionekana kuja kutoka Kanada. Sir William Logan, mkurugenzi wa kwanza wa idara ya jiolojia ya nchi hiyo, alikuwa ameletewa mawe kutoka ukingo wa mto Ottawa yenye mistari myembamba ya rangi mbili, kijani na nyeupe, iliyolaliana moja juu ya nyingine. Mistari ya kijani ilikuwa ya madini yaitwayo serpentini, na ile myeupe ilikuwa ya kalsiti, yaani chokaa iliyogeuka fuwele. Logan aliyaonyesha mawe hayo mbele ya wataalamu mwaka 1859, na wachache tu walishawishika. Mwaka 1864 John William Dawson, mkuu wa chuo cha McGill mjini Montreal, aliyatazama kwa hadubini akaona ndani yake vyumba na vijirija. Akaamua kwamba yalikuwa gamba la kiumbe mkubwa wa jamii ya foraminifera, viumbe wa seli moja ambao magamba yao ya chokaa ni mengi sana katika mchanga wa bahari. Mwaka 1865 akampa jina la Kilatini Eozoön canadense. Kwa Kiswahili tungesema: mnyama wa alfajiri wa Kanada.

Tulitazame jina hilo kwa makini, maana lina mambo matatu ndani yake, na kila moja lilikuwa bado ni dai. Linasema kitu kile ni mnyama. Linasema kiliishi alfajiri, yaani mwanzoni mwa uhai. Linasema nchi yake ni Kanada, jambo ambalo kwa nchi changa iliyokuwa ikijitafutia heshima mbele ya mataifa halikuwa dogo. William Carpenter wa London, aliyekuwa mjuzi mkubwa wa foraminifera, aliliunga mkono. Darwin mwenyewe alikitaja kiumbe hicho katika chapa ya nne ya kitabu chake, mwaka 1866, kwa furaha ya mtu aliyelipwa deni.

Mwaka huohuo wa 1866 wataalamu wawili wa Galway nchini Ireland, William King na Thomas Rowney, walitoa hoja kwamba vyumba na vijirija vile vilitokana na mabadiliko ya kikemia ndani ya mwamba wenyewe. Hawakusikilizwa sana. Mwaka 1879 Karl Möbius, mwanazuoni wa elimu ya wanyama wa Kiel, aliupima muundo ule kipande kwa kipande, akakataa kwamba ni wa foraminifera. Dawson hakukubali. Pigo la mwisho lilitoka mlima Vesuvius huko Italia: mwaka 1894 Johnston-Lavis na Gregory walieleza habari za mapande ya chokaa yaliyotupwa nje na volkano hiyo, ambayo ndani yake palikuwa na mistari ileile ya kijani na nyeupe. Joto la volkano lilikuwa limeyapika madini, basi. Hakuna mnyama aliyewahi kuishi humo. Dawson alifariki mwaka 1899 akiwa bado anaamini.

Wengine humcheka Dawson. Mimi sioni sababu. Alikuwa mtazamaji hodari, na alichokiona katika hadubini kilikuwapo kweli: mistari ilikuwapo, vijirija vilikuwapo. Kosa lake lilikuwa kukipa kitu jina la chanzo chake kabla chanzo hakijajulikana, na baada ya hapo ubishi wa miaka thelathini ukawa juu ya mnyama, wala si juu ya jiwe. Kila aliyetaka kumpinga ilimbidi kwanza alitamke lile neno mnyama.

Hebu sasa tulinganishe na jina jingine. Mwaka 1883 James Hall, mwanajiolojia wa jimbo la New York, alieleza habari za mawe ya chokaa ya karibu na Saratoga yenye sura ya kabichi zilizokatwa katikati, duara ndani ya duara. Akayaita Cryptozoon, yaani kiumbe aliyejificha, na hapo tena chanzo kikaingizwa katika jina. Mwaka 1908 Mjerumani Ernst Kalkowsky, akichunguza mawe ya namna hiyo katika nchi yake, alichagua njia nyingine. Yeye naye aliamini kwamba viumbe sahili ndivyo vilivyoyajenga, na alilisema wazi katika maelezo yake. Lakini katika jina hakuitia imani hiyo. Aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki, moja la tandiko na moja la jiwe, akapata stromatoliti: jiwe la matandiko, jiwe lililotandikwa tabaka juu ya tabaka. Jina hilo laeleza macho yanachoona na kukomea hapo. Cryptozoon sasa hutajwa hasa na wenye kusoma historia, bali stromatoliti imedumu, na wale wanaobishana juu ya chanzo cha jiwe fulani waweza wote wawili kuliita kwa jina hilo bila mmoja kumkubalia mwenzake kwanza.

Imani ya Kalkowsky ilikuja kuthibitishwa polepole. Mwaka 1933 Maurice Black alieleza jinsi tabaka za namna hiyo zinavyojengwa hadi leo katika tope la kisiwa cha Andros huko Bahama. Mwaka 1940 Macgregor alitangaza chokaa yenye miundo hiyo kutoka karibu na Bulawayo, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, na kwa miaka mingi hiyo ilihesabiwa kuwa miongoni mwa alama za kale kuliko zote za uhai zilizojulikana. Kisha mwaka 1961 Brian Logan akaeleza habari za Shark Bay huko Australia, ambako nguzo za mawe ya namna hiyo zinasimama ndani ya maji yenye chumvi nyingi na zingali zikikua.

Kazi yenyewe huendeshwa hivi. Vijiumbe visivyoonekana ila kwa hadubini hufanya utando laini juu ya tope. Utando huo unanata, kwa hiyo mchanga mwembamba unaoletwa na maji hunaswa juu yake. Vijiumbe hupanda juu kuufuata mwanga, na kufanya utando mpya. Wakati huohuo, kwa usanisinuru wao, huyanyang'anya maji hewa ya kaboni, na maji yaliyopungukiwa na hewa hiyo huiachilia chokaa ikaganda. Tabaka huongezeka juu ya tabaka. Mara nyingi vijiumbe wenyewe huoza wasionekane tena, ikabaki nyumba bila mwenye nyumba. Wasomaji wa Tanzania hawahitaji kupelekwa Australia kuelewa jambo hilo. Nyayo za Laetoli, zilizofukuliwa mwaka 1978, hazina mfupa wala jino ndani yake, bali majivu ya volkano yaliyogandamana. Hata hivyo hakuna anayeshuku kwamba watu wa kale walipita hapo. Na stromatoliti zenyewe zipo kwetu, kando ya ziwa Tanganyika na katika kingo za zamani za maziwa ya Magadi na Natron, ingawa hizo ni za juzi tu kwa hesabu ya wanajiolojia.

Hapo kuna tanzi la istilahi. Vitabu vya zamani vinasema wajenzi wa stromatoliti ni mwani, na wafasiri wamefuata. Sasa inajulikana kwamba wengi wao ni bakteria, maana seli zao hazina kiini. Msomaji wa Pemba au Jambiani akisoma kwamba mwani ulijenga mawe miaka milioni 3,000 iliyopita atafikiria mwani anaoufunga kwenye kamba na kuuanika juani. Yafaa tuseme sayanobakteria, na tuliache neno mwani kwa wenyewe.

Lakini nyumba si mwili. Waliopinga, na Albert Seward wa Cambridge alikuwa mkali miongoni mwao katika kitabu chake cha mwaka 1931, walidai waonyeshwe seli. Seli hizo zilipatikana mahali ambapo jina lake lenyewe linatupa neno tulilokuwa tukilitafuta.

Mpakani mwa Marekani na Kanada, kandokando ya ziwa Superior, kuna miamba iitwayo Gunflint, kwa sababu mawe yake yalitumika kutoa cheche katika bunduki za zamani. Waswahili walilijua vema jiwe la namna hiyo. Waliliita gumegume, na bunduki yake ikaitwa bunduki ya gumegume. Wanajiolojia hupenda kutenganisha gumegume halisi, lipatikanalo ndani ya chaki, na jamii nzima ya mawe ya silika yenye chembe ndogo mno. Kwa maoni yangu neno gumegume laweza kubeba jamii yote, na palipo na haja ya kutenganisha tuseme gumegume la chaki. Hakuna sababu ya kukopa neno la kigeni ilhali babu zetu walikuwa nalo mkononi.

Stanley Tyler wa chuo kikuu cha Wisconsin alikuwa akichunguza miamba ya chuma ya sehemu hizo alipochukua vipande vya gumegume jeusi. Alipovichonga vikawa vyembamba kiasi cha kupitisha mwanga aliona ndani yake nyuzi na viduara. Alishirikiana na Elso Barghoorn wa Harvard, na mwaka 1954 wakatangaza habari hiyo kwa ufupi. Maelezo kamili yalichapishwa mwaka 1965, Tyler akiwa amekwisha kufariki miaka miwili kabla. Umri wa miamba hiyo sasa hukadiriwa kuwa miaka milioni 1,880 hivi. Zile nyuzi zilikuwa na kuta, zilikuwa na vipingili, zilikuwa na kaboni, tena zilikuwa nyingi na zilikaa ndani ya stromatoliti, mahali hasa pa kutazamiwa. Hapa mtu aweza kusema visukuku bila wasiwasi.

Inakuwaje kitu laini kama seli ya bakteria kidumu muda huo wote? Siri ni kuwahi. Silika, ambayo ni mwungano wa silikoni na oksijeni, huyeyuka kidogo katika maji, na zaidi katika maji ya moto au ya magadi. (Neno silika, katika maana hii, lina bahati mbaya ya kufanana na lile la tabia ya mtu aliyozaliwa nayo. Katika sentensi ya elimu ya miamba hatari ya kuchanganya ni ndogo, lakini mwalimu afanye kulitaja darasani.) Maji hayo yanapopoa au kukauka, silika hujishika kwenye ukuta wa seli, kwa kuwa ukuta huo una sehemu zinazoivuta. Kwanza hufanya ganda laini, kisha hujaza nafasi za ndani, na seli ikafungwa kabla haijawahi kuoza wala kugandamizwa. Baada ya muda mrefu ganda lile hugeuka fuwele ndogondogo ngumu, na maji hayapenyi tena. Chokaa nayo huhifadhi, lakini fuwele zake hukua kwa urahisi na kuyavuruga maumbo madogo. Fosfati hufanya kazi nzuri kuliko zote kwa vitu vidogo: huko Doushantuo, nchini China, imehifadhi seli zilizokuwa zikigawanyika karibu miaka milioni 600 iliyopita. Pairiti, ile madini ing'aayo iliyowadanganya wengi wakadhani ni dhahabu, hutokea pale bakteria wanaotumia salfati wanapotoa gesi yenye salfa ikaungana na chuma kilichomo topeni; hapo mla-maiti ndiye anayemtengenezea maiti sanduku.

Nimetaja maji ya magadi, na si kwa bahati. Mwaka 1967 Hans Eugster alichapisha uchunguzi wake juu ya ziwa Magadi nchini Kenya, ambako alikuta madini ya silika na sodiamu ambayo hayakuwa yamejulikana kwa wanasayansi. Moja akaliita magadiiti, jingine kenyaiti. Akaonyesha kwamba magadiiti ikipoteza sodiamu yake hugeuka gumegume, na tangu hapo kuna aina ya gumegume ambayo wanajiolojia ulimwenguni kote huitaja kwa jina la ziwa hilo. Neno ambalo akina mama hulitumia jikoni wanapotaka maharage yaive upesi sasa limo katika vitabu vya madini vya Wazungu. Tunapolalamika juu ya maneno tunayokopa, tusisahau na haya tuliyokopesha.

Tatizo la mawe ya kale zaidi ni kwamba yamepikwa na kukunjwa, na yale yaliyobaki ndani yake ni machache. Kwa hiyo wataalamu wamegeukia kemia. Kaboni ina aina mbili zisizobadilika, moja nyepesi na moja nzito kidogo. Viumbe katika kujenga miili yao huchukua zaidi ile nyepesi, na uwiano huo hudumu hata mwili ukiwa umegeuka grafiti. Mwaka 2015 ilitangazwa kwamba chembe za grafiti zenye kaboni nyepesi zilipatikana zimefungwa ndani ya fuwele moja ya zirkoni kutoka Jack Hills, Australia, yenye umri wa miaka milioni 4,100. Je, hicho ni kisukuku? La. Hakina umbo, wala sehemu. Ni kipimo katika mizani, na ziko njia za kikemia zisizo na uhai ambazo nazo huweza kupunguza kaboni nzito. Waliokitangaza waliandika kwa tahadhari, na tafsiri haina ruhusa ya kuwa jasiri kuliko wao.

Ubishi mkubwa zaidi ulihusu maumbo. Mwaka 1993 William Schopf wa California alitangaza visukuku kutoka gumegume la Apex, magharibi mwa Australia, lenye umri wa miaka milioni 3,465. Alizipambanua aina 11 za nyuzi na kuzipa majina ya Kilatini, na kwa miaka kadhaa vitabu vya shule vilizionyesha kama picha za viumbe wa kale kuliko wote. Mwaka 2002 Martin Brasier wa Oxford na wenzake walirudia vipande vilevile. Waliona kwamba gumegume hilo lilikuwa la mshipa uliopitiwa na maji ya moto kutoka chini ya ardhi, wala si la tope la ufukweni. Na kwamba nyuzi zile, zikifuatwa kwa kina ndani ya jiwe, zilijikunja na kugawanyika kwa namna ambayo uzi wa bakteria haufanyi. Kaboni, walisema, ilisukumwa pembeni na fuwele zilipokuwa zikikua. Schopf alijibu, na majibizano yakaendelea kwa miaka mingi.

Mwaka uliofuata, 2003, Juan Manuel García-Ruiz na wenzake walionyesha kwamba maabarani, pasipo kiumbe chochote, chumvi ya bariamu ikiwekwa pamoja na silika katika maji makali hujipinda yenyewe ikafanya nyuzi zinazofanana mno na zile za Apex. Kisha mwaka 2020 watafiti, naye akiwa miongoni mwao, walifanya majaribio ya namna hiyo kwa maji ya ziwa Magadi lenyewe: yalipotiwa chumvi za metali yaliota vifuko na mirija ya madini ambayo mtu asiyeambiwa angeidhani ya viumbe. Ziwa lilelile, basi, linalotufundisha jinsi jiwe linavyoutunza uhai, linatufundisha pia jinsi jiwe linavyouiga. Wala stromatoliti hazikusalimika. Zile zilizotangazwa kutoka Isua huko Greenland mwaka 2016, za miaka milioni 3,700, zilipingwa miaka miwili baadaye na kundi la Abigail Allwood, lililosema kwamba ni mikunjo ya mwamba uliobanwa.

Turudi sasa kwa mfasiri wetu. Kwa maoni yangu neno kisukuku lihifadhiwe kwa mwili, au sehemu ya mwili, ambao chanzo chake kimekubaliwa: seli za Gunflint, mfupa, gamba. Alama iwe ya kazi au mpito wa kiumbe, kama nyayo za Laetoli na stromatoliti za Shark Bay. Yaliyokwisha kuonekana kuwa si ya viumbe, kama yule mnyama wa Dawson, yaitwe visukuku bandia. Na kwa yale yanayobishaniwa, hata yakiwa na picha nzuri namna gani, wanasayansi wenyewe wana neno lenye kubeba shaka ndani yake, nasi tunaweza kusema visukuku vya shaka. Wengine watapendekeza athari, kwa kuwa asili yake ya Kiarabu ni alama iliyoachwa. Ningelikubali kwa furaha, ila siku hizi athari imekuwa matokeo, tena mara nyingi matokeo mabaya, na msomaji hatarudi nyuma kwa ajili yetu.

Limebaki neno gumu kuliko yote, lile la Kiingereza linalounganisha uhai na saini. Nimeona likiandikwa saini ya uhai. Sikubaliani nalo hata kidogo. Saini hutiwa na mtu anayejulikana, kwa makusudi, na kortini humfunga mwenyewe. Kumbe hapa mwenyewe ndiye anayetafutwa. Dalili ni bora zaidi. Kila mmoja wetu anajua kwamba dalili ya ugonjwa si ugonjwa, na kwamba homa yaweza kuwa malaria au isiwe. Hata hivyo dalili za uhai, kwa Kiswahili cha hospitalini, ni za mgonjwa ambaye bado anapumua. Gazeti likiandika kwamba dalili za uhai zimeonekana Mirihi, msomaji ataelewa kwamba huko kuna viumbe wanaoishi sasa.

Jambo hilo si la kubuni. Mwezi wa Agosti 1996 wataalamu wa shirika la anga la Marekani walitangaza kwamba kimondo kilichookotwa Antaktika mwaka 1984, nacho kilitoka Mirihi, kilikuwa na chembe za sumaku na maumbo yaliyofanana na ya bakteria. Rais wa nchi hiyo alilizungumzia mbele ya waandishi. Hoja zao zimedhoofishwa moja baada ya moja. Mwaka 2022 watafiti walieleza kwamba kaboni ya kimondo hicho yaweza kuwa ilitokana na maji kukutana na mwamba, katika mabadiliko yanayozaa serpentini, madini yaleyale ya kijani ya mto Ottawa.

Mwezi wa Septemba 2025 yakachapishwa maelezo ya jiwe la tope kutoka kreta ya Jezero, Mirihi, ambalo gari la Perseverance lilikuwa limelitoboa na kuchukua kipande chake mwaka uliotangulia. Lina madoadoa kama ya chui, yenye kingo nyeusi, na ndani ya madoa hayo mna madini mawili: viviani, ambayo ni fosfati ya chuma, na gregiti, ambayo ni salfidi ya chuma. Hapa duniani madini hayo mara nyingi hutokea pale ambapo vijiumbe vinakula mabaki ya viumbe wengine topeni. Lakini hutokea pia bila wao. Waandishi hawakusema wameona kisukuku, wala hawakusema wameona dalili, bali kitu kinachoweza kuwa dalili, na neno hilo la kuweza walilitia makusudi. Kwa Kiswahili ningeandika hivi: katika jiwe hilo mmeonekana madini ambayo huenda yakawa ni dalili ya uhai wa kale. Ni sentensi ndefu, na mhariri wa gazeti atataka kuikata. Akilazimika kukata, akate kwingine, aliache neno huenda mahali pake.